Kapu la Jumamosi ya Kwanza

Jumamosi, 4 Machi

Leo nimeingizwa kwenye kikundi cha watu wema. Sikuomba! Mke wangu alinipa mambo mawili nichague: niende naye, au nibaki nyumbani nipange kabati la vyombo. Nikaenda.

Wanakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, chumba cha nyuma cha duka la mikate. Joto la tanuri, viti vya kuazima, unga hadi kwenye nyusi za mwenye duka. Wanajiita Kapu, kwa sababu kuna kapu. Kila mtu anatumbukiza bahasha isiyo na jina, kisha wote wanakubaliana nani asaidiwe. Mwenyekiti ni mkunga mstaafu. Nusu ya waliokuwamo chumbani aliwapokea yeye walipozaliwa, na mimi nimo. Utabishana vipi na mtu aliyekuchapa makalio kabla hujapewa jina?

Wana kanuni moja imenichekesha. Hakuna kumsaidia mtu kwa kumvizia. Anayesaidiwa lazima aje, aulizwe mbele ya wote, akubali kwa kinywa chake. Nikamnong'oneza mke wangu: nani atakataa kitu cha bure? Kanifinya paja.

Sasa, bahasha yangu. Niliweka kidogo. Nikajiliwaza kwamba kutoa ni moyo, si utajiri — methali inayotupenda sana sisi wabahili. Lakini nikaiona bahasha ya kinyozi. Imenona! Kinyozi huyu ananikera tangu tuko darasa moja. Nikajifanya naenda kujisaidia, nikachepuka hadi garini, nikachukua vipeperushi viwili vya shule yangu ya udereva, nikavikunja, nikavipachika ndani ya bahasha. Ikaota kitambi. Nikaitumbukiza polepole ili kinyozi aone.

Nilidhani bahasha zinafunguliwa baadaye, kwa siri. Zinafunguliwa palepale!

Mkunga akavuta bahasha yangu, akashusha miwani puani, akasoma kwa sauti ile ile ya kuita wajawazito: "Jifunze udereva kwa mwalimu mvumilivu." Kinyozi akakohoa kikohozi cha furaha. Chumba kizima kina mwalimu mmoja tu wa udereva.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema ndiyo, ni mimi, nimetoa gari — yaani safari — kwa mgonjwa yeyote asiye na usafiri. Makofi! Mke wangu akanitazama kwa jicho nililoliona mara ya mwisho siku ya harusi. Mkunga akageuza kile kipeperushi cha pili. "Viwili," akasema. "Basi safari mbili kwa wiki."

Uongo wangu umepokelewa kwa makofi. Nitalala vipi mimi?

Jumapili, 5 Machi

Nimelala vizuri tu. Nimeamka nikiomba wawe wamesahau.

Mkunga kapiga simu kabla sijanawa uso. Kampata mgonjwa.

Jumatatu, 6 Machi

Kikao cha dharura. Aliletwa mama mmoja mtu mzima, mshonaji wa zamani, mwembamba, ana fimbo na macho makali. Figo zake zimekataa kazi. Kila Jumanne na Ijumaa inabidi asafishwe damu kwa mashine kule hospitali kubwa, na siku nyingine haendi kwa kuwa miguu haimfikishi kituoni. Mkunga alisema bila kuzunguka: akiruka siku, maji yanajaa mwilini, akiruka nyingi, tunamzika.

Nikaacha kuchezea funguo.

Akaulizwa kama anakubali. Akanitazama, akauliza: "Huyu anatoa kwa kupenda au kwa kubanwa?" Watu wakaangua kicheko. Nikasema kwa kupenda. Mola anisamehe.

Akaegemeza kidevu juu ya fimbo, muda mrefu hadi watu wakaanza kutazama viatu vyao. Nikawaza: sema ndiyo, mama, kuna ugumu gani? Mwishowe akasema anakubali, ila na yeye aingie kwenye Kapu, atoe kama wengine. Hapandi gari la watu kama gunia.

Nimempa jina humu: Bi Mkubwa. Usoni namwita mama, na shikamoo juu.

Jumanne, 7 Machi

Safari ya kwanza. Kakaa kiti cha nyuma, kanyooka kama hakimu. Hatujafika hata kona ya kwanza: "Mwalimu, hicho kilachi unakikanyaga kama unaua mende."

Miaka yote hii nafundisha watu. Miaka yote! Nikacheka kwa upole wa bandia. Akaongeza kuwa mume wake marehemu aliendesha lori na hakuwahi kumwaga hata maji ya kunywa.

Nilimngoja nje, ndani ya gari, nimenuna. Kumbe kusafishwa damu si jambo la dakika. Nimekosa wanafunzi wawili leo. Ukarimu huu utanifilisi.

Ijumaa, 17 Machi

Jua lilinichoma, nikaingia ndani. Nisingeingia!

Viti vimepangwa mstari, mashine zinanong'ona, mirija inapeleka damu ya mtu nje na kuirudisha. Bi Mkubwa kafumba macho, mkono mmoja umefungwa plasta, anaonekana mdogo kuliko anavyokuwa garini. Akafumbua jicho moja. "Umekuja kuhakikisha sijafa ili uende zako?" Nikamwambia nimefuata kivuli. Akasema basi kaa.

Nikakaa. Karibu naye kuna mwashi, jitu la miraba minne, haongei na mtu. Akaniuliza kama ni kweli nafundisha udereva. Anataka kujua gia inaingiaje mlimani. Nikamfundisha kwa ubao wa kiti na kikombe cha plastiki. Wagonjwa watatu wakageuka kusikiliza. Nesi naye. Sijawahi kuwa na darasa sikivu namna hii — lakini wangetoroka vipi, wamefungwa kwenye mashine!

Jioni nilirudi na watu wanne garini. Mwashi alikaa mbele, magoti yamegusa kidevu. Nani aliniruhusu kubeba wanne? Mimi mwenyewe.

Jumamosi, 1 Aprili

Kapu. Safari hii niliweka bahasha ya haki. Nene kwa vilivyomo tu, bila kitambi cha karatasi. Nikaitumbukiza na hakuna aliyejua! Hakuna makofi, hakuna jicho la harusi. Huku ndiko kutoa kwa siri wanakokusifia. Hakuna raha hata chembe. Nilijizuia mara tatu nisikohoe wakati bahasha yangu inafunguliwa.

Bi Mkubwa kaleta mito ya viti vya hospitali, kashona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa, maana anasema vile viti vinaua makalio kabla figo hazijamuua. Akasifiwa. Kinyozi hakuvumilia. Kasimama, katangaza atakuwa anakwenda kule Ijumaa kunyoa wagonjwa. Najua kabisa kwa nini! Hataki mimi niwe mtakatifu peke yangu.

Nimemwambia mke wangu kuwa kinyozi anafanya wema kwa wivu. Kaniuliza mimi nilianza kwa nini. Nikaenda kupanga kabati la vyombo.

Jumatano, 19 Aprili

Jambo la ajabu. Kuna shimo mtaani kwetu, mbele ya duka la vipuri. Nimelikwepa tangu sijaota mvi. Nimewafundisha wanafunzi kulikwepa, ni sehemu ya somo! Leo nimeshuka na koleo nikalifukia. Bi Mkubwa analia na mgongo tukipita pale, basi.

Mwashi wa kule hospitali kaniona akiwa kwenye basi, akashuka, kanionyesha nilivyokosea. Akakaa kwenye kiti akatoa amri, mimi na mwoka mikate tukachapa kazi. Watu watatu nisiowajua wakaja kushika. Kumbe ni majirani zangu! Mmoja anakaa nyumba ya pili. Kaniambia alidhani mimi nina maringo. Nikamwambia hakukosea.

Kioo cha gari hakitakati siku hizi. Nakisafisha kwa sabuni, kwa siki, kwa gazeti. Bado kuna ukungu.

Jumamosi, 6 Mei

Kapu. Kinyozi katusimulia alivyomnyoa mwashi, na mwashi kalia, mara ya kwanza mtu kumgusa kichwa bila kumchoma sindano. Kinyozi mwenyewe sauti ilikatika. Nikampa leso yangu. Sijui nini kinanipata.

Giza lilitukuta njiani. Taa za magari zinakuja na miduara, kila taa ina taji. Mke wangu kauliza mbona naendesha kama nabeba mayai. Nikasema natunza mafuta.

Alhamisi, 11 Mei

Mwanafunzi wangu, karani wa benki, leo kapiga kelele: "Mwalimu, nyekundu!" Mimi ndiye niliyemwambia apite.

Nikamwambia hongera, nilikuwa nakupima.

Kafurahi, maskini. Nimempa maksi nyingi. Nimerudi nyumbani nimekaa garini bila kushuka. Si kioo. Nimeshajua si kioo. Nilikitoa kichwa nje ya dirisha na ukungu ukatoka nao.

Ijumaa, 26 Mei

Mwandiko wa leo nitauonea aibu.

Nilikuwa nampeleka Bi Mkubwa kusafishwa damu, peke yake leo. Barabara imetulia. Mbele yangu nikaona kivuli cha mti, nikaenda tu. Kikapiga kelele! Kumbe ni mtu na baiskeli yake, kabeba magunia. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Hakuguswa. Alinitukana matusi ambayo sijayasikia tangu jeshini, na nilistahili yote.

Bi Mkubwa akapigwa na kiti cha mbele. Akajishika. Hakupiga kelele. Kwa sauti ndogo: "Mwanangu, egesha."

Nikaegesha. Akanyoosha fimbo kati ya viti. "Kile kibao ng'ambo ya barabara, kimeandikwa nini?"

Napita pale kila siku. Nikajibu bila kusita: duka la dawa.

"Wamehama wiki iliyopita," akasema. "Sasa wanauza viatu."

Nikajaribu kucheka. Nikamwambia uzee. Nikamwambia usingizi. Nikamwambia asimwambie mtu, hasa mke wangu, hasa mkunga, na kwa jina la Mungu asimwambie kinyozi! Mwalimu wa udereva asiyeona — nitakula nini? Nani ataniletea mwanawe nimfundishe? Hakuniahidi kitu. Alisema tu anachelewa, na akataka niendeshe kwa mwendo wa kutembea, akawa ananitajia njia yote hadi hospitali: mtu kushoto, gari linatoka, mbuzi, mbuzi wa pili.

Nilipelekwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Na kilachi nilikikanyaga kama naua mende.

Jumatatu, 29 Mei

Daktari wa macho. Kijana mpole, mikono baridi. Kasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa. Ugonjwa wa kawaida, upasuaji wa kawaida, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Watu wanarudi wanaona hadi chunusi za jirani. Hadi hapo nisishike steringi.

Nikamshukuru, nikatoka, nikapanda gari, nikaendesha hadi nyumbani.

Punguani gani huyu, jamani! Ningemkamata mwanafunzi anafanya hivyo ningemfukuza shule.

Mke wangu kauliza nimetoka wapi. Nimesema kununua spea. Naogopa kisu, hilo nalikiri humu. Lakini kisu ninakiogopa kidogo. Naogopa zaidi kuketi kile kiti cha katikati, cha anayesaidiwa, pale duka la mikate, wote wananitazama kwa huruma. Mimi ndiye ninayepeleka watu. Mimi ndiye mtoaji! Nimeuzoea utamu wake, ule wa watu kukuambia Mungu akubariki unapofunga mlango wa gari.

Na upasuaji siuwezi kwa mfuko wangu. Haya, nimeandika.

Jumanne, 30 Mei

Nilikwenda kumchukua kama kawaida. Nilipanga kwenda taratibu sana.

Nikamkuta amesimama getini na fimbo yake, amevaa tayari. Nikafungua mlango. Hakupanda. Nikamwambia mama, tutachelewa. Akasema: "Sipandi." Nikamwambia ukikosa leo utaumwa. Akasema anajua atakavyoumwa, hafundishwi. Basi tukasimama pale, mimi na mlango wazi, yeye na fimbo. Nilikasirika! Nikamwambia nimeacha kazi zangu kwa ajili yake. Akasema, "Ndiyo, na nakuombea kila siku. Lakini sipandi."

Nikawaza maji yanayomjaa. Mimi na kiburi changu ndio tunamjaza.

Kumbe mwoka mikate alikuwa njiani. Bi Mkubwa alishampigia simu! Kampandisha mbele kwenye gari lake la mikate, kati yake na trei za mikate. Kabla ya kufunga mlango Bi Mkubwa akaniambia nenda nyumbani kwa miguu, mwanangu.

Nikaenda kwa miguu. Gari langu limelala kwa Bi Mkubwa, chini ya dirisha lake, na funguo nimemwachia. Nimemwambia mke wangu. Yote. Alilia kidogo, akanitukana sana, kisha akanipikia.

Jumamosi, 3 Juni

Naandika nimekaa nje, kwenye kreti la mikate, nyuma ya duka. Wamenipa muda nipumue. Herufi nazifanya kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Nilikuja leo nikidhani Kapu litakuwa kama siku zote. Nimeweka bahasha yangu. Bahasha zikafunguliwa, mkunga akauliza nani ana mtu wa kusaidiwa mwezi huu. Bi Mkubwa akainua fimbo. Fimbo yote, hadi ikagonga taa.

Akasema ana mtu. Anamjua vizuri, anaona kisogo chake mara mbili kwa wiki. Mtu huyu anajua kutoa, akasema, na kupokea hajui, na ugonjwa huo wa pili unaweza kuua mtu asiyehusika barabarani. Hakunitaja. Hakukuwa na haja! Kinyozi alikuwa ameshainamisha kichwa.

Hakucheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwekea kinyozi jibu kali mfukoni tangu juzi, na hakucheka.

Wakaanza kupanga kana kwamba sipo. Gari la mikate litampeleka Bi Mkubwa na wenzake hadi nitakapopona. Kapu la mwezi huu na la mwezi ujao yalipie jicho la kulia. Kinyozi akasema atanishika mkono kwenda hospitali siku ya kisu, mke wangu atabaki nyumbani kupokea wageni watakaokuja kunipa pole. Mwashi — mwashi ameshaingia kikundini, kumbe! — akasema wanafunzi wangu waje wakae naye kwenye mashine, awafundishe gia ya mlimani, anaikumbuka yote. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka kwenye macho haya haya yasiyo na kazi nyingine.

Kisha mkunga akavuta kiti kikawa katikati. Akaniambia nikae. Nikakaa. "Unajua kanuni," akasema. "Unakubali?"

Nilijua jibu! Nani atakataa? Nikatafuta neno nikaona kinyozi, mwoka mikate, mke wangu ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na wote ni sura za ukungu, na wote wananingoja mimi. Nikasema nina swali. Mkunga akasema uliza. Sikuwa na swali. Nikasema jicho la kushoto bado si baya sana. Nikasema labda yupo mwenye shida kuliko mimi. Nikasema jasho linanitoka, hili tanuri lenu! Mkunga akanitazama kama anavyotazama mtoto anayekataa kuzaliwa. Akasema toka nje, upate hewa, hatuna haraka.

Ndiyo maana niko hapa.

Huko ndani hawaongei. Ningependa waongee. Wangekuwa wananisengenya ningekasirika nikaondoka, lakini wamenyamaza tu, wananingoja. Kaka mzima, baba wa watoto, nimeshindwa neno ambalo kila mtu niliyempakia alilisema.

Mlango wa nyuma umefunguka. Kuna mtu anakuja huku, taratibu, ameshika kitu kirefu. Nadhani ni yeye na fimbo yake. Au ni mwoka mikate na koleo la tanuri. Ni hatua kumi tu, ningepaswa kujua.